Wa 2000 hawajitumi, au tunawasingizia umri?

Mleta mada
Wakuu, ofisini kwetu kazi ni kutoa mizigo bandarini, na hakipiti kikao bila mtu mzima mmoja kusema: "Hawa wa 2000 hawajitumi. Saa kumi na moja ikifika, begi liko begani." Mimi niko katikati, nimegonga arobaini, na naona tunasingizia umri. Anayelalamika ana ajira ya kudumu, michango yake NSSF inaingia, benki inamkopesha kwa mshahara wake. Anayelalamikiwa yuko "mafunzoni" mwaka wa pili sasa, analipwa nauli na chakula. Ajitume kwa lipi? Mpeni mkataba kwanza, halafu tumpime.

Vijana nao waache ile ya "wazee hawajui kompyuta". Juzi kontena lilikwama, wakahangaika na mfumo mpaka jioni. Mzee mmoja akaomba makaratasi, akaona uzito kwenye orodha ya mzigo haulingani na wa hati ya shehena. Hakumaliza hata chai yake.

Mzee wa Kurasini
Mdogo wangu, adabu haisubiri mkataba. Kijana anaingia hana shikamoo, kikaoni macho yako kwenye simu. Na meli haijui saa kumi na moja. Mzigo ukipitiliza siku za bure, mteja anatozwa gharama za kuhifadhi kila siku, na atakayepigiwa kelele ni mimi.

Wa Mbagala
Shikamoo mzee. Meli haijui, sheria inajua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Mimi nabaki mpaka usiku, napigania gari la Mbagala, na mwisho wa mwezi sioni hata senti. Eti ndiyo kujituma.

Na hiyo simu kikaoni ni mteja anauliza kontena lake limefika wapi, maana namba mliyompa ni yangu. Adabu naikubali, ila iwe ya pande zote. Faili lote nimelishughulikia mimi, mteja akija naambiwa, "Binti, lete chai."

Mleta mada
Niongezee kidogo: masharti hayo ya saa hayawahusu wenye madaraka ya usimamizi, kwa hiyo bosi anayekesha asimpimie karani kwa usiku wake. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi wa umri kazini, na haikusema umri wa wazee peke yao.

Kuhusu shikamoo, chini yangu wapo walionizidi umri. Asubuhi nawaamkia, saa nne nawarudishia ripoti yenye makosa. Sijaona aliyenuna, labda wananisema nikitoka.

Mzee wa Kurasini
Hapo kwenye saa za ziada sina ubishi, binti. Ziandike, bosi wako azisaini, zipelekwe kwa mhasibu. Ila simu kikaoni, hapana.