Nusu marathoni ya kwanza: Moshi au nisubiri ya Dar?

NyotaYaAsubuhi
Habari za leo wakuu. Nataka kukimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza. Nimekwama kati ya Kili Marathon pale Moshi mwishoni mwa Februari, na kusubiri hizi za Dar za katikati ya mwaka. Waliokimbia kote kuwili, ipi inamfaa mgeni? Nataka nimalize vizuri, halafu mwakani nishushe muda. Natakiwa kutoa jibu Ijumaa.

Mzee wa Lami
Mkuu, umeuliza kama mtu aliyeingia duka la dawa akasema "nipe dawa". Unakimbia kilomita ngapi kwa wiki? Mbali kabisa umewahi kufika ngapi? Kumi unamaliza kwa muda gani? Unaishi wapi? Na hiyo Ijumaa ina nini?

Mchaga wa Soweto
Moshi. Uzi ufungwe. Unapanda barabara ya Mweka katikati ya migomba na kahawa, akina mama wamesimama kwenye vichochoro wanapiga vigelegele, mlima ukiwa hauna mawingu unauona wote mpaka theluji. Dar utaona nini, Daraja la Tanzanite na magari?

Kisigino
Mchaga, malizia basi. Sema hiyo barabara inapanda karibu nusu ya mbio nzima.

Mleta mada, ngoja nikusimulie. Mara yangu ya kwanza ilikuwa hapo hapo. Raba nilinunua Ijumaa, mpya, zinanukia gundi. Jumamosi usiku nikala kitimoto na ndizi za kukaanga kwa sababu wenzangu walisema lazima ujaze tangi. Asubuhi mbio inaanza nikaunga na vijana wa chuo, kilomita ya kwanza saa yangu inasoma dakika tano na nusu. Mimi wa dakika saba! Nikajiona nimezaliwa upya.

Kupanda kwenda Mweka nilipanda, kwa shida lakini nilipanda. Tulipogeuza ndipo nilipofanya ujinga. Barabara inashuka, upepo usoni, nikaachia miguu. Nilipita watu labda mia. Kilomita ya 16 mapaja yakafunga kama mtu kakaza boliti. Kutembea mbele siwezi. Nikageuka, nikawa nashuka kinyumenyume, watoto wa barabarani wananifuata wanacheka, na bibi mmoja akanipa ndizi mbivu akasema, "Kula mwanangu, gari litakuja." Gari halikuja. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Kucha mbili za dole gumba zikawa nyeusi kama lami, moja ikadondoka Machi. Jumatatu kushuka kwenye basi pale Ubungo nilishikwa mkono na konda.

Nenda Dar.

dakika_saba
Pole sana, ila nimecheka mpaka wa ofisini wamegeuka. Hapo mlima unausingizia. Kupanda kulikuchosha mapafu tu, kilichokuua ni mteremko. Ukishuka kwa kasi paja linafanya kazi ya breki, msuli unakaza huku unavutwa, ndiyo maana maumivu makali yanakuja siku ya pili. Watu wanafanya mazoezi ya kupanda, juu wakifika wanarudi kwa bodaboda.

Raba za Karume
Na kosa la pili ni raba za dukani. Mtumba umeshalainika, unavaa leo unakimbia leo.

Mzee wa Lami
Umelainika kwa sababu povu la soli limekufa! Dada wa watu huko ulaya kalikimbilia mwaka mzima, akalitupa, wewe umelipiga brashi unaliita jipya. Ukichagua mtumba tazama ubavuni mwa soli. Ukiona mikunjo mingi kama uso wa babu, rudisha.

Raba za Karume
Mzee, nusu ya wanaokupita asubuhi wamevaa za kwangu.

NyotaYaAsubuhi
Samahani nilikuwa kazini. Kwanza jamani mimi ni dada, hiyo "mkuu" imenichekesha. Miaka 34. Naishi Kimara Temboni. Nakimbia mara tatu kwa wiki, kama kilomita 18 kwa jumla. Mbali kabisa nimefika 12. Kumi nilimaliza kwa saa moja na dakika nane. Zimebaki wiki kumi na moja. Ijumaa ni kwa sababu ofisi inawalipia watakaojiandikisha Moshi. Ada, usafiri na malazi.

Mchaga wa Soweto
Ofisi inalipa na bado unauliza??

Mzee wa Lami
Dada yangu, hayo ndiyo ungeanza nayo. Na unakaa Temboni, milima iko mlangoni kwako, watu wa Mikocheni wanaifuata kwa gari.

Hesabu ya haraka: chukua muda wako wa kumi mara mbili, ongeza robo saa. Unapata saa mbili na nusu hivi, kwenye tambarare. Moshi jiwekee 2:45 na usione aibu. Jumapili moja 13, nyingine 14, nyingine 16, halafu wiki moja punguza mwili upumue, kisha endelea mpaka 18. Inatosha, 21 utaikuta siku yenyewe. Hizo ndefu ziwe za taratibu. Ukishindwa kuimba pambio huku unakimbia, umezidisha. Katikati ya wiki siku moja panda Temboni, na USHUKE kwa miguu, hatua fupifupi.

Nai_254
Mimi niko Nairobi, huku kila kitu ni juu ya mita 1,600 so sitishwi na Moshi. Lakini amesema anataka kushusha muda mwakani. Akikimbia mlima Februari halafu tambarare Agosti, muda wa mbio hizo mbili ataulinganishaje? Atadhani ameimprove na ni barabara tu imelala. Achague moja airudie.

dakika_saba
Hapo umesema kweli. Ila Dar nayo si mteremko wa bure. Jasho halikauki, saa mbili asubuhi unakimbia ndani ya sufuria. Kuna mbio moja ya Pwani nilikuta meza ya maji tupu kilomita ya 14, vikombe tu vinapeperuka. Mimi ningemshauri Dodoma, Julai. Baridi, kukavu.

Kisigino
Sasa umeleta ya tatu. Dada alikuwa na mbili.

Mchaga wa Soweto
Simbu wetu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 alimpita Mjerumani kwenye mstari, muda wao ule ule, 2:09:48, ikabidi watazame picha. Alisubiri kilomita 42 ndipo aamue. Kisigino aliamua kilomita ya kwanza 😂

Kisigino
Nimesamehe.

NyotaYaAsubuhi
Asanteni. Swali jingine: hizo ndefu za Jumapili nikianza saa kumi na moja alfajiri peke yangu, vipi? Huku mbwa wa geti wanaachiwa usiku.

Mama Junia
Mdogo wangu, niko Mbezi Louis, miaka mitatu sasa. Mbwa akija usikimbie, simama, inama kama unaokota jiwe. Hata kama hakuna jiwe. Ninayemwogopa mimi ni bodaboda asiye na taa. Tuandikiane pembeni, tuko wanne tunakutana pale stendi.

Nai_254
Hiyo ya kuinama inafanya kazi hadi Kenya.

dakika_saba
Kuna mmoja Goba hakimbii ukiinama, anakaa kukusubiri uokote.

Mzee wa Lami
Jamani leo Jumamosi. Dada, ulijiandikisha wapi?

Kisigino
Kimya.

Raba za Karume
Alikuja jana jioni. Anavaa 39, kachukua 40 kwa sababu ya habari ya kucha za Kisigino. Akageuza soli ubavuni akatazama mikunjo dakika tano nzima, Mzee umeniharibia biashara. Anakwenda wapi hakusema.