Taito niliyoandika mbona haitokei nikisechi?

duka_la_vitenge: Wakuu habari, saiti yangu tagi ya taito (jina la peji ndani ya kodi) nimeandika "Vitenge Kariakoo, vitenge jumla, vitenge bei poa" ila kwenye matokeo ya Google inatoka "Vitenge vya Jumla" tu, na maelezo ya chini nayo sio yangu, yanatoka wapi?

fundi_kodi: Cheki kichwa kikubwa cha juu kwenye peji yaani h1, bila shaka ndo hicho. Google toka Agosti 2021 ikiona taito imerundikwa maneno au peji zote zina taito moja inaweza kuchukua h1 au hata maneno ya linki zinazokuja kwako. Vitenge mara tatu za nini sasa 😂

mama_seo: Maelezo yanafuata mtu alichosechi, akiandika bei inamvutia sentensi yenye bei toka ndani ya peji, meta diskripsheni yako (maelezo mafupi unayoandika ndani ya kodi ya peji) inatumika pale tu inapoeleza vizuri zaidi. Kipande usichotaka kitokee kifunge na data-nosnippet, alama ya HTML unayoweka kwenye hicho kipande.

duka_la_vitenge: Kweli ni h1 aisee. Nikibadilisha itaonekana lini?

fundi_kodi: Mpaka Google wapitie tena peji, siku kadhaa au hata wiki. Omba wapitie kwenye Search Console (zana ya Google ya wenye saiti) mara moja inatosha, kubonyeza kila saa hakuharakishi kitu