Kiwanja cha riadha cha shule yetu Malindi kimeliwa, na waliokila ndio wanaojisifia wanariadha waliotoka hapo

Wadau, nimevumilia muhula mzima, leo nasema. Shule ya upili ya umma hapa Malindi, niliyosoma mimi na anayosoma binti yangu sasa, imeua kiwanja chake cha riadha huku kila mtu akiangalia. Jina la shule siliweki hapa. Barua yenye jina nimeshaipeleka kunakohusika, na mpaka leo hakuna aliyeijibu.

Kiwanja kile kilikuwa na mzunguko wa mita 400. Hakikuwa cha kifahari: nyasi, mchanga, na mistari ya chokaa tuliyoichora wenyewe kwa kamba na mkebe uliotobolewa. Lakini kilikuwa kamili. Kona mbili na pande mbili za kunyooka. Kisha wanafunzi wa zamani wakachanga, harambee ikafanywa, ukumbi ukajengwa. Ukumbi siupingi, watoto walikuwa wanafanyia mitihani chini ya paa linalovuja. Ninachokipinga ni mahali ulipowekwa. Nyuma ya jikoni kuna ardhi tupu mpaka leo, imeota michongoma, wao wakauweka ukumbi katikati ya kona ya pili! Halafu, kama hiyo haikutosha, upande wa kumalizia mbio ukatandikwa kabro, yale matofali ya saruji, ili magari ya wageni wa siku ya zawadi yapate pa kuegeshwa.

Sasa mtu wa bodi ananiambia, "Mzee, mbona nusu ya kiwanja bado ipo?" Uwanja wa mbio hauna nusu. Mzunguko wa kawaida wenye leni nane unataka eneo la kama mita 177 kwa 93. Ukishaitoa kona moja, mita 200 haipo, mita 400 haipo, kupokezana vijiti hakupo. Kinachobaki ni ukanda ambao mtoto hajafikia hata kasi yake kamili ameshafika ukutani.

Kwa hiyo watoto wetu wanafanyia mazoezi ufuoni. Msinijie na "mchanga unajenga misuli". Mimi ni mtu wa bahari, naijua. Darasa linaisha saa kumi jioni. Siku za bamvua, maji yanapopwa mpaka mbali na mchanga mgumu ukawa mpana, hapa kwetu yanapwa asubuhi watoto wakiwa kwenye hesabu; saa kumi jioni yamejaa mpaka kwenye minazi. Siku ambazo maji yanapwa jioni ni siku za maji mafu, na hapo kinatoka kijia chembamba tu, tena kimeinama kuelekea baharini. Mtoto akikimbia hapo mguu mmoja uko juu, mwingine uko chini. Binti yangu goti la kushoto limeanza kumuuma, na ana miaka kumi na sita. Mwalimu wa michezo ni kijana wa Kemia anayejitolea kwa moyo wake wote; namheshimu sana, na hili si kosa lake. Kijiti cha kupokezana alikikata mwenyewe kutoka bomba la maji, akakipaka rangi.

Halafu tunawapeleka kwenye mashindano ya kaunti. Mwaka huu nilikuwa pale, nimesimama kando ya uzio. Msichana wetu wa mita 100, mwenye mbio kuliko yeyote niliyemwona shuleni kwa muda mrefu, alifika kwenye mstari akakuta vibao vya kuanzia. Hakuwahi kuvikanyaga maishani mwake. Aliangalia wenzake wanavyoweka miguu, akaiga, kibao kikateleza, akatoka kabla ya mlio. Sheria ya sasa haina onyo, ukiwahi mara moja umetolewa. Alivua namba yake kifuani akaikunja taratibu, akampa mwalimu. Mwaka mzima wa mazoezi, na hakukimbia hata hatua kumi.

Na pesa? Ndani ya ile shilingi 22,244 ambayo serikali imepanga kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kuna fungu la michezo. Najua huwa haiji yote, na huchelewa. Basi mtuonyeshe iliyokuja ilinunua nini. Mimi nimeuliza mkuki uko wapi, nikaambiwa ulivunjika. Nimeuliza tufe, nikaonyeshwa moja, linazuia mlango wa stoo usifungwe na upepo.

Kinachonichoma zaidi ni ule ukuta wa ofisini. Wamebandika picha za waliosoma hapo: wanasiasa, madaktari, mawakili, na chini kabisa vijana watatu wa riadha wa zama zetu waliofika mpaka mashindano ya taifa. Mgeni akija, hao watatu ndio wa kwanza kuonyeshwa. Wote watatu walitengenezwa kwenye kona ile iliyo chini ya sakafu ya ukumbi!

Angalieni St Patrick's kule Iten. Nayo ni shule ya upili. Brother Colm O'Connell alifika pale mwaka 1976 kufundisha Jiografia, hakuwa kocha, akaanza na kiwanja cha shule tu. Wakatoka Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, Matthew Birir wa kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, na Wilson Kipketer wa mita 800. Brother Colm huyo huyo ndiye aliyemfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Shuleni pale mabingwa hupandiwa miti. Wanalinda mahali palipowatoa.

Na anayetaka kuniambia riadha ni ya watu wa milimani, amtafute Seraphino Antao. Mtoto wa Mombasa, alilelewa kwenye joto na chumvi hii hii yetu. Mwaka 1962 kule Perth alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, dhahabu mbili, kabla Kenya haijapata uhuru. Mbio fupi hazidai mlima. Zinadai uwanja wa kunyooka na mtu wa kukufundisha kutoka kwenye vibao.

Ukumbi hauwezi kubomolewa, hilo nimelikubali. Ninachotaka ni kabro ing'olewe, na ile ardhi ya nyuma ya jikoni isafishwe ili mzunguko usogezwe upande ule. Nimeipima kwa kamba na fundi wa ujenzi, leni nne zinaingia. Vibao vya kuanzia navyo vinunuliwe kabla ya muhula wa riadha.

Mkutano wa wazazi ni mwisho wa mwezi. Nyinyi mliosoma pale na kukimbia pale, mwenye picha ya kiwanja kabla ya ukumbi aiweke hapa chini, na mwenye nakala ya ramani ya shule anitumie. Nataka nivichape vyote nivitandaze mbele ya bodi, na kila mjumbe aulizwe kwa jina lake nani alisaini ukumbi ukae pale.