Tupeane uzoefu: uliupokeaje wimbo unaoujua siku ulipoimbwa na kwaya?

Sauti ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzi huu uwe wa kupeana uzoefu, tusiingie kwenye ubishi wa kanisa gani lina kwaya kali. Umewahi kusikia wimbo maarufu, uwe wa dansi, taarabu, bongo fleva au wa nje, ukiimbwa na kwaya kwa sauti nne (ya kwanza na ya pili za akina dada, ya tatu na besi za wanaume)? Wewe uliupokeaje, na waliokaa jirani yako je?

Naanza mimi. Niko kwenye kikundi cha mtaani hapa Sinza. Tumechanganyika Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na wengine ambao hata kanisani hawaendi, wanapenda kuimba tu. Huwa tunaitwa misibani na kwenye harusi. Siku moja mwalimu wetu akaja mazoezini na fotokopi za nota za "Kifo", ule wimbo wa Remmy Ongala.

Kwa wadogo zangu: Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Akaja Dar, akapiga na Orchestra Makassy, halafu akawa na Super Matimila mpaka jina lake likavuka mipaka. Miaka ya mwisho aliokoka akawa anaimba Injili, akafariki Desemba 2010. Kila siku mnamwambia konda "shusha kwa Remmy". Ndiye huyo.

Mwalimu alifanya kazi kubwa sana kwenye zile nota. Hakutaka kinanda wala ngoma. Gitaa la solo, ile mistari inayozunguka, aliwapa sauti ya pili waiimbe bila maneno. Gitaa la besi wakapewa besi wenyewe. Maneno yote tukabeba sisi sauti ya tatu, na sauti ya kwanza wakaambiwa wanyamaze hadi karibu nusu ya wimbo. Akina dada wa sauti ya kwanza walinuna, maana wamezoea wao ndio wabebe wimbo. Tulihangaika zaidi na mwendo. Kwenye dansi dramu ndiyo inakushika, sasa dramu haipo, kila mtu anakimbilia anakojua. Mwalimu akawa anagonga funguo kwenye mgongo wa kiti cha plastiki, ko ko ko, mwimbo mzima, mpaka ikafika siku akaacha kugonga na sisi tukaendelea.

Tukauimba msibani, usiku, chini ya turubai. Nimeimba misiba mingi na utaratibu naujua: kwaya inaimba, huku chai inagawiwa, simu zinapokelewa, na wazee kule nyuma wanacheza karata. Usiku ule karata zilisimama. Mama mfiwa alikuwa ameketi mkekani tangu mchana bila kusema neno. Tulipofika kwenye kiitikio mara ya pili akaanza kuitikia na sisi. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini aliimba mpaka mwisho.

Tulipomaliza, mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Kijana, huu wimbo nimeucheza sana ukumbini. Nilikuwa sijausikiliza." Hapohapo shangazi mmoja wa marehemu akatujia juu. Akasema msibani watu wanataka faraja, sasa ninyi mnakuja kukilalamikia kifo mbele ya mfiwa, imani yenu iko wapi? Alikuwa anatetemeka kwa hasira, na sikumwona kama mtu aliyekosea. Wimbo ule unalalamika kweli. Ukiondoa gitaa na dramu, yale malalamiko yanabaki peke yake katikati ya watu, na kila mtu anakutana nayo kivyake.

Msimamo wangu ni kwamba kwaya ikichukua wimbo wa watu, kazi yake ya kwanza ni maneno yasikike. Karibuni.

Mama Doreen

Asante mleta uzi. Mimi ya kwangu ni ya harusi, huku Tabata. Kwaya ya vijana ilialikwa ukumbini, wakaimba wimbo wa bongo fleva wa mapenzi ambao mwaka ule ulikuwa kila kona, huwezi kupita redio usiukute. Sasa wao wakabadilisha maneno, pale alipotajwa mpenzi wakaweka Yesu.

Nilichokiona ni kwamba ukumbi uligawanyika kwa umri. Akina mama wenzangu tukanyanyuka na noti zetu kwenda kutunza. Vijana mezani walikuwa wanaimba maneno yale ya mwanzo kwa nguvu kuliko kwaya, wanacheka. Mimi nilikuwa nimeshafika mbele, noti mkononi, nikawasikia wajukuu zangu nyuma wanaimba mambo mengine kabisa. Nikamwangalia mwimbaji wa mbele, binti mdogo, akawa amechanganyikiwa, hajui afuate maneno yapi. Nilimtunza, nikamshika shavu.

Kwangu mimi ile haikuwa haki kwa yule binti. Kama wimbo ni wa mapenzi, ni harusi, waimbe mapenzi. Kuna ubaya gani maharusi kuimbiwa mapenzi?

mzee wa sikinde

Mleta uzi nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe hata kidogo.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza taratibu, mtunzi anatoa ujumbe wake. Halafu inakuja chemko, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, watu wanaamka vitini. Bendi ya Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 walikuwa wanakulaza na hadithi halafu wanakuamsha na chemko. Ujumbe umeuchukua ukiwa umekaa, unauzungusha mwilini ukiwa umesimama. Hizo kwaya zenu zinaimba ile sehemu ya kwanza, kisha zinafunga kwa "aaaa" ndefu. Chemko imeenda wapi?

Niliwahi kusikia kwaya moja hapa mjini ikiimba wimbo wa Marijani Rajabu. Walipiga safi, sauti zimepangika, siwezi kusema uongo. Lakini nilitoka pale kifua kimebana. Ni msiba usio na kula. Marijani hakutunga ili tulie tukaenda nyumbani, alijua tutacheza.

bint shomvi

Mimi ni Muislamu, kwaya nazisikia kwa majirani tu. Ila hii nilikuwepo.

Kulikuwa na shughuli ya wanafunzi wa chuo, kikundi chao kikasimama kuimba "Kijiti" ya Siti binti Saad. Nyumbani kwetu bibi alikuwa na kanda ya Bi Kidude akiuimba, kwa hiyo nimekua nao. Ni wimbo unaopigwa nyumbani huku mtoto anamvisha mwanaserere nguo, mama anasuka ukili, hakuna anayeshtuka. Siti alikuwa wa kwanza kwetu kurekodi santuri, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928. Watu wanamkumbuka kwa hilo na kwa sauti yake. Wanasahau kwamba "Kijiti" ni habari ya mauaji. Mwanamke ametoka Dar es Salaam hapa kwenda Unguja, akaangukia mikononi mwa Kijiti, akauawa. Muuaji akatoroka, na aliyefungwa siye yeye.

Wale watoto waliimba hivi: wanaume wote wakashika sauti moja ya chini, hawaibadilishi, mmmm tu. Wasichana wakawa wanapokezana ubeti, mmoja mmoja, kila mmoja amesimama mahali pake ukumbini, si jukwaani. Aliyekuwa karibu yangu alikuwa umri wa mwanangu. Nilikuwa nasikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya mstari.

Mwanzoni kuna watu walipiga vigelegele, kama ilivyo kawaida ya taarabu. Ubeti wa tatu hivi vigelegele vikakatika. Hakuna aliyekatazwa. Mwisho hawakupigiwa makofi mara moja, na mama mmoja mbele yangu aliinuka akatoka nje kabisa. Nilimkuta baadaye kwenye bajaji, tukaenda pamoja hadi Ilala. Aliniambia ana dada yake. Hakuendelea, na mimi sikumuuliza.

Mzee wa sikinde, nakuelewa kuhusu chemko. Lakini ule wimbo tumeuchezea mabega karibu miaka mia. Haikuwa vibaya kuusikiliza mara moja tukiwa tumetulia.

Kimara Mwisho

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kuna kwaya ya Slovenia inaitwa Perpetuum Jazzile, ilirekodi "Africa", ule wimbo wa Toto wa mwaka 1982. Kabla hawajaimba wanatengeneza mvua kwa mikono. Wanaanza kwa kusugua viganja, halafu vidole, halafu wanapiga mapaja, na wote wanaruka pamoja ndiyo radi. Video yake imezunguka dunia nzima.

Nikaijaribu darasani. Sikuwafundisha wimbo, niliwafundisha mvua tu. Darasa langu limejaa hadi chini, na sisi tuna bati bila dari, kwa hiyo sauti inarudi. Nilimweka mtoto mmoja mbele awe anapandisha na kushusha mkono. Akipandisha, mvua inaongezeka. Mwalimu wa darasa la jirani alitoka nje kuangalia mbingu, ana daftari za kusahihisha alizianika kwenye benchi baada ya kumwagikiwa maji. Watoto walipomwona dirishani walishangilia kuliko siku ya kufunga shule.

Kuhusu wimbo wenyewe, mimi ni mtu wa Moshi. Maneno yake yanauinua mlima Kilimanjaro juu ya Serengeti. Mlima uko kwetu, Serengeti iko kule Mara, havionani. Mama yangu nilipomtafsiria alisema, "Waache waimbe, wameupenda mlima bila kuuona." Akataka nimrudishie ile mvua.

kipusa wa Mbagala

"Malaika". Kila kwaya ya wageni ikija inaimba "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akauzungusha duniani, na ubishi wa mtunzi halisi haujaisha hadi leo. Wanauimba wakitabasamu, kwa madoido, na ni wimbo wa mtu ambaye hana mali ya kuoa! Natamani nisikie kwaya moja tu inayoimba kama imeelewa kwamba kijana ameshindwa.

Jirani wa Azania

Mimi niliusikia "Baba Yetu" kwenye mwendokasi, kijana mmoja anaupiga kwenye simu bila spika za masikioni. Nikadhani ni kwaya ya hapa. Kumbe mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin, aliutunga kwa ajili ya gemu ya kompyuta ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukapata Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Maneno ni ile Sala ya Bwana tunayosali kila Jumapili. Kwaya za Ulaya, Asia, kote wanaimba sala yetu kwa lugha yetu. Nilipitiliza kituo. Sijui kama unaingia kwenye mada, maana uliandikiwa kwaya tangu mwanzo.

Sauti ya Tatu

Jirani, unaingia. Sala yenyewe ndiyo maarufu.

Mama Doreen, nakubaliana nawe kabisa kuhusu kubadilisha maneno. Kwenye kikundi chetu tumelikataa. Kama maneno yanatutia aibu basi huo si wimbo wa kuimba, tumwachie mwenye nao.

Bint shomvi, huo mpango wa waimbaji kusambaa ukumbini nimeutuma kwa mwalimu usiku huuhuu.

wakili wa mtaani

Naongeza la kisheria maana naona wengi mna vikundi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Remmy amefariki 2010, fanyeni hesabu. Kuupangia wimbo sauti upya ni kuigusa kazi ya mtu, tafuteni ridhaa ya familia, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili ya kuwaelekeza. Na hata kwenye fotokopi, tafadhali andikeni jina la mtunzi juu ya nota. Nimeona karatasi nyingi za kwaya zina jina la aliyepanga sauti tu, kwa herufi kubwa, mtunzi hayupo. Inaniuma.

Sauti ya Tatu

Wakili, asante sana. Jina la Remmy lipo juu kabisa, la mwalimu wetu liko chini kulia. Hilo la familia nalipeleka kwenye kikao.

mzee wa sikinde

Bint shomvi umenigusa, sitabishana na lile la "Kijiti". Nyimbo za namna ile hazina haja ya chemko.

Lakini kwa dansi bado nimesimama palepale. Mleta uzi, mmeshaweza kuwapa sauti ya pili gitaa la solo. Sasa kwa nini mliishia hapo? Gawa na la kati. Wape sauti ya kwanza tarumbeta, si walinuna kukaa kimya? Besi waendelee na walichonacho, na mwalimu aweke mtu mmoja wa kugonga kama manyanga, hata kwa chupa yenye mchele. Mkifika mwisho wa maneno msifunge, piteni moja kwa moja kwenye chemko kwa midomo yenu, dakika mbili tatu, watu wasimame. Kwa "Kifo" msibani sawa, muache kama mlivyofanya. Ila mkiitwa harusini na wimbo wa Marijani, nataka chemko. Mazoezi yenu ni siku gani, na ni nyumba ipi pale Sinza? Nina rafiki alipiga gitaa la kati miaka mingi, nitamleta awaimbie mistari yake yote, aandikiwe nota kabla hajaisahau.