Kusaga jina la mchongaji kwenye kitako cha kinyago ni wizi, na sisi mafundi tunausaidia

Wakuu,

Uzi huu naufungua kwa hasira na sitazunguka. Ingia duka lolote la vinyago hapa Dar, Mwenge au kokote, ugeuze vipande vya mpingo uangalie vitako. Kimoja kina jina. Kingine kina stika ya duka. Kingine kimefunikwa kitambaa cheusi kwa gundi. Halafu unakutana na kile kinachoniudhi: mwili ni mweusi tii, kitako kina rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia kama kimetoka kwenye msumeno jana.

Mpingo uliokatwa upya una rangi hiyo. Weusi unakolea kadiri mti unavyokaa na kupigwa na hewa na mwanga. Kwa hiyo mwili mweusi wenye kitako kibichi maana yake kuna mtu kakisaga, na sababu anaijua mwenyewe. Angalia na mikwaruzo: tupa na msasa wa mkono huacha mistari iliyonyooka, diski ya grainda huacha nusu duara. Bado una shaka? Chukua unga wa chaki, sugua kwenye kitako kwa kidole, futa kwa kitambaa kikavu. Kama patasi iliingia ndani kuliko msasa ulivyokula, mabaki ya herufi yatashika weupe. Utasoma nusu ya jina la mtu hapo.

Wafanyabiashara mnaofanya hivi, hoja zenu tunazijua. Eti mteja anataka kitu cha zamani, jina na mwaka vinaharibu. Huko ni kumdanganya mteja mara mbili, kwa umri na kwa mwenye kazi. Eti Wamakonde wa zamani hawakuandika majina. Ni kweli, barakoa ya ngoma haikuandikwa jina, kwa sababu ilichongwa itumike pale pale kijijini. Kinyago kinachopanda ndege kesho kutwa kwenda Ujerumani nani atamjua fundi wake? Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kutambuliwa kuwa ni yake. Haki hiyo haitegemei saini, kazi inalindwa tangu inapochongwa. Ila siku ya ubishi, kitako kisicho na jina hakikusaidii kitu.

Sasa nageukia upande wetu, maana nusu ya lawama ni yetu.

Mafundi, acheni kusaini kwa kalamu ya wino mzito! Mpingo una mafuta na umeshikana mno, wino hauingii ndani, unakaa juu. Ukisaini juu ya nta ndiyo kabisa, kitambaa chenye tina kidogo, ile dawa ya kuyeyusha rangi, kinaondoa jina lote kwa mpangusio mmoja. Mnamrahisishia kazi mwizi, grainda haihitajiki tena.

Chapa ya moto nayo watu wanaipenda kwa sababu ni ya haraka, unachongesha muhuri wa chuma kule mtaa wa Gerezani, Dar, unaupasha, unagandamiza. Kwenye mninga inatoka vizuri. Kwenye kiini cha mpingo, ile mbao nyeusi ya ndani, ni nyeusi juu ya nyeusi, kinachobaki ni kishimo kisichosomeka. Ukiongeza moto ili kiingie zaidi, mti unakauka ghafla pale pale na nyufa nyembamba zinafunguka. Wengine wanakimbilia kupiga chapa kwenye ile mbao nyeupe ya nje kwa sababu inaonekana. Inaonekana, ndiyo, lakini hiyo ndiyo sehemu wadudu wanayoanza kuibungua. Mpe mteja miaka michache, jina litakuwa vumbi.

Herufi za chuma za kugonga kwa nyundo? Mpingo ni mgumu na unavunjika kama kigae. Ukigonga karibu na ukingo wa kitako, kipande kinaruka. Kama lazima ugonge, kaa mbali na ukingo upana wa kidole, gonga mara moja tu. Ukirudia herufi inajirudia pembeni kama kivuli.

Njia inayodumu ni patasi. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu wengi wanakosea mpangilio wa kazi.

Maliza kitako kwa tupa, kisha msasa namba 80, kisha 120. Hapo ndipo unasaini. Ukisaini kabla, msasa wa 80 unakula herufi zikabaki mikwaruzo. Ukisaini baada ya nta, patasi inateleza, na kingo za herufi zinabaki na rangi mbichi ambayo nta haiifikii sawasawa. Penseli ya kawaida haionekani kwenye mpingo, andika kwa chaki iliyochongwa ncha au penseli nyeupe. Herufi ziwe na kimo cha milimita 6 hadi 8. Patasi iwe ndogo, ya mdomo wa V, na iwe na makali ya kunyoa. Chonga kila mstari kwa mapito mawili au matatu mepesi mpaka kina kifike milimita 2. Kina hicho hakikuja hivi hivi. Kuondoa nusu milimita ni kazi ya dakika moja. Kuondoa milimita 2 kwenye kitako chote cha mpingo kunachosha, na akikosea kusawazisha, kinyago kinayumba mezani na mnunuzi anaona.

Mahali pa kusaini pana siri yake. Kinyago kikichongwa kusimama kama gogo lilivyosimama, kitako ni kichwa cha gogo, na pale katikati pana moyo wa mti. Mpingo unapoendelea kukauka, nyufa nyingi zinaanzia kwenye moyo zikielekea nje. Jina lililopita juu ya moyo litapasuka vipande viwili. Liweke kati ya moyo na ukingo, likifuata mviringo. Ukisaini ubavuni, kumbuka patasi inafuata nyuzi: mistari iliyonyooka inakubali, ila O na S zinameguka kwenye mapindo. Ndiyo maana wengine huandika S yao kwa mistari mitatu iliyonyooka, na wanafanya sawa.

Endelea na msasa 240, kisha 400. Ukitaka weupe ndani ya herufi, paka rangi nyeupe ya mafuta hapo, kabla ya nta, subiri dakika chache, futa juu, pitisha 400 kidogo. Ukipaka mapema, mikwaruzo ya 120 nayo itashika weupe na kitako kitaonekana kimemwagiwa unga. Kisha nta, na mswaki mkavu kutoa nta iliyoganda ndani ya herufi. Watu wanausahau huu mswaki, halafu wanalalamika jina halisomeki.

Andikeni na mwaka, tarakimu zote nne. George Lilanga, mchoraji na mchongaji maarufu wa Kitanzania, alifariki 2005. Mtu akija na kipande chenye jina lake na mwaka 2009, maneno yameisha. Kikija na jina tupu, mtabishana mpaka asubuhi.

Na wekeni alama ya pili. Kitako kinasagwa, sawa, lakini kwenye ujamaa, kile kinyago cha watu wengi waliobebana, kuna matundu kati ya miili ambamo diski ya grainda haiingii. Herufi mbili za kwanza za majina yako, ndani ya kwapa la mtu wa tatu kutoka chini, kwa ncha ya msumari ulionolewa. Kwenye shetani, kile kinyago cha pepo, iweke ndani ya mdomo au nyuma ya sikio. Ipige picha kabla kinyago hakijatoka karakanani, na picha ya kitako, na rula ikiwa pembeni. Kama kazi ilipita mikono miwili, jina kubwa ni la aliyebuni na kumalizia, na vijana waliotoa umbo kwa tezo wapewe herufi zao ndogo chini yake. Kuwanyima ni kusaga jina kwa njia nyingine.

Sasa ninyi wa maduka mliomo humu, msinijie inbox. Jibuni hapa hapa mbele ya watu: kitako kibichi kwenye kinyago cheusi, kilisagwa na nani, na kabla ya kusagwa kilikuwa na jina gani?