Naomba ushauri: masters ya mafuta na gesi Aberdeen, niende au nitulie?

Kisima Kirefu: Wakuu habari za jioni. Niko kusini huku, mwaka wa sita sasa kwenye gesi, kazi yangu valvu na mabomba, digrii ya makenika ninayo. Nimepata nafasi Robert Gordon University, mjini Aberdeen, Scotland, masters ya uhandisi wa mafuta na gesi, mwaka mmoja. Swali langu dogo tu: hiki chuo kinaheshimika? Wengine wanakiita chuo kipya, na mji huohuo una chuo kingine cha tangu 1495. Nisije nikarudi na cheti watu wakakigeuzageuza kama noti bandia. Usingizi sipati. Wenye matusi pitieni mbali.

Nyundo ya Chuma: Scotland ni nchi au mkoa wa Uingereza? Tuanzie hapo kwanza.

Shangazi wa Tabora: Mwanangu, mimi mtoto wa dada yangu alienda Ulaya 2011 kwa mwaka mmoja hivyohivyo. Mpaka leo tunamwona kwenye picha za theluji. Msibani kwa baba yake alituma rambirambi kwa simu. Mungu akutangulie, lakini mimi nimeshasema.

Baharia Mstaafu: Nimeishi Aberdeen miaka minne na nimesoma hapohapo RGU, acha nijibu swali lililoulizwa. Upya wake ni kwamba kilipewa hadhi ya chuo kikuu 1992. Kabla ya hapo kilikuwa taasisi ya ufundi, na ukifukua zaidi unakuta pesa za Robert Gordon mwenyewe, mfanyabiashara aliyetajirikia Danzig huko Baltiki, akafa 1731 akiacha mali yake ijengewe shule ya wavulana wa mji wasio na uwezo. Kwa hiyo tangu mwanzo ni mambo ya kumpa mtu kazi mkononi. Wauguzi, wafamasia, wasanifu majengo, watu wa mitambo, wote wanapikwa pale.

Mimi waliniweka kwenye simuleta ya kuchimba visima. Umekaa kitini, umeshika vidhibiti kama upo baharini kweli, mwalimu nyuma yako anakurushia gesi inayopanda kisimani bila taarifa. Nje nyuzi joto 3, wewe ndani shati limelowa. Hao walimu baadhi yao wametoka kwenye majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na somo la usalama hawalichekei. Jukwaa mojawapo la huko, Piper Alpha, liliungua Julai 1988, wakafa watu 167. Katika mji ule ukisema jina hilo baa nzima inapunguza sauti. Tafiti zao nazo zinatoka kwa kampuni: kisima kikizeeka unakifungaje, jukwaa la chuma unalitoaje baharini.

Baridi utaizoea, giza hutalizoea. Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Mji wote mawe ya kijivu. Mwenyeji akikwambia "fit like?" hakuulizi kama suruali inakutosha, anakusalimia.

Sasa na mimi nikuulize: ada analipa nani?

Kisima Kirefu: Asante sana mkuu, umenipa moyo. Ada ipo, msijali. Vipi soko la ajira baada ya hapo?

Mtoto wa Lindi: Soko gani? Mradi wa LNG, ule wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, hapa kwetu nimeusikia nikiwa sekondari, sasa nina watoto wawili na bado ni mazungumzo. Bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, likishajengwa halihitaji watu wengi wenye masters, linahitaji mafundi kama ulivyo sasa. Na huko kwao kodi ya faida ya mafuta ukiijumlisha imefika asilimia 78, kampuni zinapunguza watu. Ukisimama ufukweni Aberdeen unaona mitambo 11 ya upepo inazunguka. Wenzio wanahamia upepo, wewe ndiyo unaingia kwenye gesi.

Baharia Mstaafu: Hoja nzuri hiyo, ingawa waliohamia upepo wengi ni haohao wa mafuta. Bolti ni bolti. Lakini Kisima, "ipo" siyo jibu. Ada ya mgeni ni kamili. Kuna ada ya afya pauni 776 kwa mwaka, na pesa ya kujikimu lazima ilale benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Imetoka wapi?

Kisima Kirefu: Nimeshalipa malipo ya awali. Niliuza kiwanja.

Shangazi wa Tabora: Kiwanja cha nani?

Kisima Kirefu: Kipo Kigamboni. Hati ina jina langu.

Shangazi wa Tabora: Sikuuliza jina. Nimeuliza cha nani.

Kisima Kirefu: Cha mama. Lakini msinihukumu, hela alinipa yeye, mimi ndiye niliyesimamia manunuzi na kulipia upimaji. Na hapotezi. Mke wangu ni muuguzi, tunaenda wote na mtoto. Wakala amesema huko wauguzi wanagombewa. Yeye akipiga kazi mwaka mmoja, tunamnunulia mama viwanja viwili. Nilitaka kumshtukiza kwa furaha.

Baharia Mstaafu: Ndugu yangu, kaa chini. Tangu Januari 2024 anayekwenda masters ya kusoma darasani haruhusiwi kwenda na mke wala mtoto kama wategemezi. Labda wa utafiti. Wewe ni wa darasani. Na wewe mwenyewe muhula ukiendelea mwisho saa 20 za kazi kwa wiki. Wakala wako alikwambia lini haya?

Kisima Kirefu: Alisema kuna njia.

Nyundo ya Chuma: Njia ipo, inapitia Kigamboni kwa mama yako.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Samahani wanajukwaa, nina taarifa. Nimepekua nyuzi za huyu bwana. Februari aliandika: "Mimi ni yatima, natafuta mchumba mcha Mungu, dini yoyote." Leo ana mama, mke na mtoto. Miezi michache tu! Hii ni chai, tena ya maziwa.

Mtoto wa Lindi: 😂😂 Nami nilijibu kwa moyo wote. Leteni maandazi.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Siyo chai tu, ni biashara. Kesho ataleta namba ya wakala "aliyemsaidia". Na huyo Baharia mwenye sifa za chuo mpaka mwaka aliokufa mwenye nacho, tunaomba atuambie kama siyo akaunti ya pili.

Baharia Mstaafu: Mimi nimemwambia mpango wake haufai, halafu niwe wakala? Nimewahi kufanya usafi wa ofisi saa kumi alfajiri kwenye upepo wa Aberdeen ili nilipe pango. Endeleeni na maandazi yenu.

Kisima Kirefu: Ule uzi wa Februari nilimwandikia rafiki yangu, simu yake iliharibika.

Nyundo ya Chuma: Rafiki 😂

Shangazi wa Tabora: Chai au siyo chai, kama mama yupo mpigie leo. Asisikie kwa watu.

Kisima Kirefu: Amepiga yeye. Jirani kamwambia kuna mafundi wanachimba msingi pale, anauliza nimeanza kumjengea. Analia kwa furaha. Nimemwambia mtandao unakata.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Hapo sasa hata kama ni chai, sukari imekolea.

Baharia Mstaafu: Iandikie ofisi ya udahili usiku huu, uliza masharti ya kurudishiwa malipo ya awali kabla hujaomba viza. Usimpitishie wakala.

Nyundo ya Chuma: Kwani hicho kiwanja kilikuwa mita ngapi kwa ngapi? Na huyo jirani hauzi?