Ushauri: chakula cha ruzuku kwa watoto 14, deikea ya nyumbani Chanika

Mama_Kituo: Wakuu, shikamooni na habari. Nalea watoto 14 nyumbani, miaka 2 hadi 5. Uji saa 4, chakula saa 7. Mchango ni sh 1,000 kwa siku, lakini si wote wanaoweza. Mwenye duka jirani yuko tayari kutoa unga na maharage, ila anataka hesabu. Halafu uji wa lishe wanauacha nusu. Nianzie wapi?

JikoKubwa: Anzia kwenye mizani, si kwenye mfuko wa mtu. Kwa watoto 14: uji, unga nusu kilo kwa maji lita 4, kila mtoto anapata robo lita. Mchana, mchele kilo 1, maharage makavu nusu kilo, mafuta mililita 100, mchicha mafungu matatu. Maharage yaloweke usiku, maji yake mwaga, mkaa utapungua sana. Siku ya dagaa, gramu 100 zinatosha: osha mchanga kwa maji ya moto, kausha, twanga.

Bi_Lishe: Uji unaachwa kwa sababu ni mzito. Ukiuongezea maji, mtoto anashiba maji. Tumia kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa: ipua uji, uache upoe kidogo, koroga vijiko viwili vya kimea, subiri dakika 10 ulainike, kisha uchemshe tena. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, hakifanyi kazi.

Na unga wa lishe wa "nafaka kumi" unaosagwa mashineni achana nao. Karanga zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake yanachacha mapema. Twanga gramu 150 siku hiyohiyo. Zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, usizikaange ukidhani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, itaisha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga nzima usiwape, zinakaba.

Daftari_Safi: Hesabu ya mfadhili: Marekani kuna mpango wa serikali wa chakula cha watoto, CACFP, unaolipa deikea za nyumbani kwa mlo aliopewa mtoto aliyehudhuria, si kwa kuandikishwa tu. Kikomo kwa kila mtoto ni milo miwili na kitafunwa kimoja kwa siku, au mlo mmoja na vitafunwa viwili. Iga hilo la kuhesabu waliofika tu. Safu zako: tarehe, waliofika, uji, mchana, unga uliotoka stoo. Jaza sahani zikiwa mezani. Ukijaza Ijumaa jioni unabuni, na mwenye duka atajua gunia likiisha kabla ya daftari.

Mchuuzi_Mbagala: Asiye na hela alete mkaa au mboga, lakini iandikwe kwa bei ya sokoni siku hiyo. La sivyo wanaolipa watanuna.

Bi_Lishe: Umesajiliwa? Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo. Muone Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, na Afisa Lishe wa halmashauri akupimie mzingo wa mikono ya juu ya watoto kwa utepe. Chini ya sentimita 12.5, mtoto huyo aende kituo cha afya, uji pekee hautamtosha.

Mama_Kituo: Usajili bado. Kimea cha mahindi kinafaa pia?

Bi_Lishe: Kinafaa, ila cha ulezi kina nguvu zaidi. Hakikisha kimekauka juani kabla ya kusaga.